Maji Nayo Yaliweka X Yake

Neno tabianchi liliniletea ugomvi na mama yangu kabla rangi yake haijakauka. Nilikuwa nimeliandika kwa herufi za buluu kwenye kitambaa kirefu nilichokitandaza uani kwetu, Mabawa, na mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alilisoma kimoyomoyo, akalisoma tena kwa sauti, kisha akasimamisha mkono.

"Tabianchi ndo nini?"

"Tabia ya nchi, mama. Mvua, jua, bahari, jinsi vinavyobadilika."

"Nchi nayo ina tabia?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Tabia wanazo watu, mwanangu. Nchi imewafanyia nini, masikini?"

Mimi ni mwepesi wa hasira, sifichi. Nilimwambia akune nazi yake, mimi nalipwa kuandika, silipwi kufasiri. Naye akanijibu kwamba ndiyo maana mabango yangu hayamtishi hata kuku. Tulinuniana mpaka wali ulipoiva.

Kazi ya mabango nimeirithi kwa baba. Baba aliandika majina ya maduka, saluni, bucha na magari ya mizigo karibu mji mzima wa Tanga, enzi ambazo herufi zilitoka mkononi mwa mtu. Siku hizi bango linatoka kwenye mashine, na picha ya sahani ya chipsi inang'aa kuliko chipsi zenyewe. Mimi nimebaki na wateja wakaidi: wauza supu, misikiti midogo, na watu wa semina wanaotaka kitu cha mkono. Semina ya lile bango la tabianchi ilifanyika kwenye hoteli moja Raskazone. Baada ya bango wakatuita wachoraji kadhaa, wakatugawia vitambaa na rangi nzuri ambazo sijawahi kuzishika, wakatuomba tuchore picha za kuamsha jamii. Wakapendekeza dunia yenye homa, imewekewa kipimajoto mdomoni.

Niliichora. Ilipendeza, niseme ukweli. Niliipiga picha kwa simu nikaja nayo nyumbani mbio, nina hamu ya kumkomoa mama. Aliisogeza simu karibu na macho, akaigeuza huku na huku.

"Mbona huu mpira unavuta sigara?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na ugomvi wetu ukaishia hapo. Lakini usiku kucha niligeukageuka kitandani. Mama yangu ni mtu aliyewahi kupandishwa juu ya bati la jirani, amekumbatia Msahafu kwa mkono mmoja na birika kwa mkono wa pili, maji yanapita chini ya miguu yake. Kama yeye haoni kitu katika picha yangu, basi nimemchorea nani?

Mafuriko yenyewe yalikuwa hivi. Mtaa wetu unateremka. Juu kuna kanisa la Walutheri na ukumbi wake, chini kabisa kuna ghala kuukuu lililokuwa la katani, na jirani na ghala ni nyumba ya marehemu baba; mimi na mama tunakaa hatua chache juu yake. Zamani masika yalinyesha kwa nafasi, mtu alijua lini aanike na lini aanue. Sasa mvua inakaa kimya tunaungua na jua, halafu inamiminwa yote kwa pupa. Mwaka ule ilimiminwa siku ya bamvua, bahari ilipojaa kupita kawaida yake, na mfereji unaopeleka maji yetu pwani ukayarudisha. Tuliyaona yakipanda kutoka bondeni, yametulia, kama mgeni anayeijua njia.

Dada yangu hakuwepo. Alikuwa Pangani kwa wakwe zake, amekaa eda ya mumewe. Alipomaliza eda alirudi kwetu, kwenye nyumba ya baba, na kabla hajafika kina mama wa mtaa walikuwa wameshamtendea wema wao. Walikwangua tope, wakaosha kuta, wakapaka chokaa nyumba nzima ndani na nje, ili mjane asipokewe na uchafu. Kwetu mtu hatolewi kwenye msiba mmoja akatiwa kwenye mwingine. Nyumba ikawa nyeupe pe. Dada alipoiona alilia kwa shukrani, na haukupita muda akafungua chekechea mle ndani.

Chekechea ile ndiyo iliyomrudisha duniani. Alirudi kutoka Pangani akiwa haongei, anakula kwa kusukumwa. Watoto wakamfundisha upya kukasirika, kucheka, kuimba, kutafuta kiatu kimoja kilichopotea. Kwa hiyo kila masika yalipokaribia na mimi nikamwambia dada, wahamishe hawa watoto, hapa ni bondeni, alinitazama kama ninayetaka kumnyang'anya kijiko mdomoni.

"Nyumba ya baba haijaingia maji tangu nizaliwe."

"Iliingia ulipokuwa Pangani."

"Yalifika wapi?"

Hapo ndipo tuliposhindwa. Watu wa Tanga tukisimulia, maji huongezeka. Muuza mihogo alisema yalifika magotini. Mama alisema kifuani. Imamu wa msikiti wetu alisema ajuaye ni Mungu. Jirani yetu Mshambaa, ambaye nyumba yake iko juu kabisa karibu na kanisa na siku ile hakulowa hata kidole, aliapa kwamba yalifika kwenye madafu. Dada alitusikiliza wote kwa utulivu wa mwalimu.

"Mkikubaliana, mniite," alisema, akarudi darasani.

Basi asubuhi moja baada ya ile semina nilikwenda ghalani kutazama ukuta ambao mwenye duka mmoja alitaka nimwandikie tangazo. Ghala lile halina mtu wa kulionea huruma. Halijapakwa chokaa miaka nenda miaka rudi. Na pale ukutani, kutoka kona hadi kona, ulikuwepo mstari wa kahawia, umenyooka kuliko mstari wowote niliowahi kuuvuta kwa rula. Nilikuwa nimepita mbele yake kila siku tangu mafuriko. Nilirudi nyumbani nakimbia, mtu mzima mimi, kandambili mkononi.

Mume wangu ni fundi mwashi. Ana mpira mwembamba wa plastiki, unaoonyesha ndani, ambao huujaza maji anapotaka kusawazisha msingi. Wewe unashika ncha hii, mwenzako anashika ncha ile, hata akiwa nyuma ya kona humwoni. Maji yakitulia, pande zote mbili yako kimo kimoja. Hayana upendeleo na hayatii chumvi.

"Nikiyaweka kwenye mstari wa ghalani," nilimuuliza huku nahema, "yatanionyesha yalipofika kwa dada?"

"Kwa dada, msikitini, mpaka kwa Mshambaa."

Nilimkumbatia mbele ya mama. Mama akageuza uso, akasema ndoa za siku hizi hazina haya.

Tulingoja Jumamosi. Kulikuwa na harusi Nguvumali na mtaa mzima ulikwenda huko, dada akiwa mbele na vigelegele vyake. Mwenyekiti wa mtaa nilimwambia nataka kupima kuta za watu kwa ajili ya michoro. Alikuwa anavaa kanzu, kichwa kimekwama shingoni mwa nguo, akaniambia kutoka mle ndani, chora, chora. Tukaanza ghalani tukapanda nyumba kwa nyumba. Kila ukuta tuliutia alama ya kifundi, mikato miwili inayopishana, na pale inapokutana ndipo kimo cha maji. Nilikusudia kuwaeleza watu Jumapili, halafu ndiyo nichore. Rangi niliyokuwa nayo ilikuwa mabaki ya kazi ya bucha, nyekundu. Mkasa wote umo humo, lakini mimi sikuuona kwa furaha.

Maana ilikuwa furaha, jamani! Nimechora maisha yangu yote, ila sijawahi kuchora kitu kilichokuwa kinajua kuliko mimi. Tulipofika juu kwa Mshambaa, alama ilianguka kizingitini pake, kiganja kimoja tu kutoka chini. Tukarudi bondeni upande wa pili wa mtaa, na kila tuliposhuka alama ilipanda: gotini, kiunoni, kifuani. Alama haikupanda kitu, ni sisi tuliokuwa tunazama. Kwa dada nilisimama chini ya dirisha la darasa. Fundi akapaza sauti kutoka kona ya pili, "Tulia!" Nikatulia, maji yakatulia, na alama ikaja kukaa sawasawa na paji langu la uso. Chini kabisa, kiunoni pangu, chokaa ilikuwa imechafuka kwa viganja vya watoto, wanavyoushika ukuta wanapoingia darasani. Niliweka X yangu, tukakunja mpira tukaenda harusini kula pilau.

Watu walirudi giza limeshaingia. Asubuhi tuliamshwa na kelele za mabati.

Asiyejua nchi yetu nimweleze. X nyekundu ukutani kwetu ina maana moja tu, kwamba nyumba hii itabomolewa. Barabara ikitaka kupita, hutangulia mtu mwenye kopo la rangi. Nami nilikuwa nimeutia X mtaa mzima, pande zote mbili, na msikiti ndani yake. Nilipotoka nje nilimkuta muuza mihogo yuko juu ya paa lake anang'oa misumari, mkewe amepanga milango barabarani. Mmoja amekwenda kutafuta hati ya kiwanja ya babu yake. Mwingine alikuwa anaapa kwamba wapimaji aliwaona kwa macho yake, wana gari jeupe na mmoja wao ni mweupe pia. Mume wangu aliyatazama yote hayo, akaniinamia sikioni.

"Mama watoto, usiseme kitu. Tuhame na sisi."

Lakini mimi nilishapanda juu ya benchi la kahawa. "Ni mimi!" nilipiga kelele. "X ni zangu!"

Majina niliyoitwa asubuhi ile hayaandikiki kwenye bango lolote. Mama muuza vitumbua alitaka kunivua kilemba. Mwenyekiti akaapa kwamba hakuniruhusu, kisha akakumbuka kanzu, akaanza kukohoa. Nilijaribu kueleza habari za mpira na ghala, na hakuna aliyesikiliza, mpaka muuza mihogo aliponipigia kelele kutoka kwenye paa kwamba nimemtia hasara ya misumari. Hapo hasira zangu za karibu zikafika.

"Mtu akiwawekea X kwa rangi," nilimwambia, na nilikuwa nalia bila kujijua, "hamngoji hata chai, mnang'oa bati! Maji nayo yaliweka X yake, hapa hapa, mnaiona, yamewaingia vitandani. Mlifanya nini? Mliipaka chokaa!"

Watu walianza kugeuka, mmoja mmoja, kila mtu anaitazama alama ya kwake. Mama muuza vitumbua alisogea mpaka kwenye X yake akasimama chini yake, akapitisha kiganja juu ya kichwa. Ilikuwa juu yake. Mama yangu, aliyekuwa mlangoni na birika lile lile, alisema kwa sauti, "Sasa mpira umeacha sigara." Mimi na yeye tu ndio tuliojua maana yake, na sijawahi kupewa sifa kubwa kama ile.

Dada hakucheka. Alikuja kwangu jioni, baada ya wazazi wengine wa mitaa ya jirani kuwa wameshamwambia kwamba watoto wao hawatarudi kwenye nyumba yenye X, wakabomolewa humo humo. Nilimweleza, naye alinisikiliza amesimama, mtandio mkononi.

"Mtaa mzima walinipokea kwa chokaa," alisema. "Wewe mdogo wangu ndiye unayenipa X."

"Dada, ile alama ni kimo cha..."

"Ukuta wangu usiuguse tena."

Jumatatu darasa lilikuwa na nafasi kubwa kubwa. Alichukua brashi mwenyewe, akaifuta X kwa chokaa, akarudia mara mbili. Niliona kila kitu nikiwa upande wa pili wa njia. Iliniuma sana, maana nilijua kwamba nimemgusa pale pale alipopona.

Mtaa nao ulinitaka nizifute X zangu zote. Nikasema sizifuti, nazigeuza. Nitaziunganisha kwa mstari mmoja wa buluu, kutoka ghalani hadi kwa Mshambaa, na chini ya mstari ni bahari, kila nyumba ichague samaki wake. Hapo Tanga ikaamka! Mtu asiyejali tabianchi atajali sana samaki wa jirani yake. Muuza mihogo alitaka nguru, kwa kuwa hajawahi kumaliza mmoja peke yake. Mama muuza vitumbua, ambaye hasemezani na shoga yake wa nyumba ya pili, aliagiza pweza mwenye mkono mmoja mrefu unaonyoosha kidole mlangoni kwa yule shoga. Shoga akaagiza papa, kinywa wazi, anayeutazama ule mkono. Msikitini hatukuchora kiumbe, niliweka mawimbi matupu yaliyopindana kama maandishi, na imamu alikuja kuyatazama kila baada ya swala. Mshambaa alitushangaza.

"Mimi mtu wa mlimani, sijuani na samaki. Nichoree mapeasi, matunda ya kwetu."

"Mapeasi yafanye nini majini?" mama yangu alimuuliza.

"Yaelee, bibi, yawafikie watu wa pwani wenye njaa."

"Mchoree, mchoree," mama akasema. "Huyo ndiye aliyeona maji kwenye madafu."

Kwake palikuwa na nafasi ya peasi moja tu, kizingitini. Alilisimamia mpaka nikalitia jani. Sijawahi kufanya kazi kwa raha namna ile. Nilikuwa naamka kabla ya adhana, nalala na rangi kwenye nyusi, watu wananiletea uji na kunisahihisha mapezi, kwa kuwa Tanga kila mtu ni bingwa wa samaki aliowala. Wazee waliokuwa wanabishana magoti au kifua sasa walibishana changu ana mistari mingapi. Kimo hakikubishaniwa tena. Kilikuwa pale ukutani, kimenyooka, na mtaa ndio uliokuwa unateremka.

Ila mstari ulikatika. Ulifika kwenye kona ya nyumba ya baba, ukakoma, ukaanza tena upande wa pili kwenye ghala. Katikati ni chokaa ya dada, nyeupe pe. Wapita njia hawakosi maneno. "Hapa maji yalipiga hodi, mwalimu akasema hayupo," alisema mmoja, na dada alikuwa dirishani. Alifunga dirisha. Masika yalikuwa yanakaribia, joto limebana, na watoto waliokuwa wameondoka walianza kurudi mmoja mmoja, wazazi walipojua kwamba hakuna wa kubomoa. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Darasa lilikuwa linajaa.

Kisha asubuhi moja nilikuwa kwenye ngazi ghalani namalizia tasi, nikawasikia watoto kwenye ukuta wa jirani, ule wa pweza. Walikuwa wamebuni mchezo. Mmoja anarudi nyuma, anakuja mbio, anaruka mkono juu, na wengine wanapiga kelele, "Gusa bahari!" Hakuna aliyeigusa. Waliruka tena na tena, mashati yametoka kwenye kaptula, hata yule mrefu wao aliyekuwa anawatania wenzake. Vidole vyake viliishia kwenye miguu ya pweza, na mstari wa buluu uko mbali juu yake.

Dada alitoka na kengele mkononi kuwaita. Hakuipiga.

"Mwalimu, bahari iko juu!"

"Mwalimu, tubebe tuiguse!"

Alimbeba mmoja, binti mdogo mwenye hereni za uzi. Alimnyanyua mpaka mabegani kwake ndipo yule mtoto akaufikia mstari, akaupigapiga kwa kiganja, akacheka. Wengine wakajipanga, na mimi, na mimi, mwalimu. Lakini dada hakumshusha yule wa kwanza. Alibaki amemshikilia, anautazama mstari, kisha anaitazama nafasi kati ya mstari na miguu ya wale waliobaki chini. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania ngazi, rangi inanichuruzika mpaka kiwikoni.

Alikuja kwangu watoto walipoingia. Nilidhani anakuja kuivunja ngazi.

"Alama yako ilikuwa wapi kwangu?"

"Umeshafuta, dada."

"Najua nimefuta. Leta huo mpira wa mumeo."

Tulishika sisi wawili, mimi ghalani, yeye chini ya dirisha lake. "Tulia," nilimwambia. "Nimetulia," alijibu, na sauti yake ilikuwa inatikisika kuliko maji. Yalipotulia alinyoosha kidole, akakiweka ukutani, akainamisha kichwa akaviona vile viganja vidogo vilivyochafua chokaa chini, mbali na kidole chake.

"Mlinificha."

"Tulikuonea huruma."

"Huruma yenu ina chokaa nyingi," alisema, akajipangusa macho kwa mtandio. Kisha akaniambia nivute mstari.

Siku hiyo hiyo alivaa baibui lake safi akapanda hadi kwa Mshambaa, ambaye ni mzee wa kanisa. Alimwamkia shikamoo, akaomba ukumbi. Mzee alisema ukumbi siku za kazi hutumiwa na buibui tu, na wao hawajalipa chochote, kwa hiyo karibu, ila mtoto asiguse kinanda. Wakahama na mikeka, ubao, na sufuria la uji juu ya toroli. Mtaa mzima ulisaidia kusukuma, na watoto walikuwa mbele wanaimba kama wanaosindikiza bibi harusi.

Nilipomuuliza dada anataka samaki gani, alikataa samaki.

"Wachore wanangu. Kimo chao hasa. Juu ya mstari."

Niliwalaza mmoja mmoja juu ya magunia yaliyofunguliwa, nikawazungushia chaki, wanajinyonga kwa kucheka, kisha nikawahamishia ukutani. Walisimama kwenye buluu kama kwenye barabara, wamegeukia juu, upande wa ukumbi. Wazazi walikuja kukagua. Nguo hawakuzijali, walijali viatu. Mama mmoja, ambaye mwanawe huenda na kandambili siku zote, aliniomba nimpe vyeusi vya kamba, vinavyong'aa. Nilimpa. Nilimtia na soksi.

Masika yalikuja kwa pupa ileile, na bamvua ikayakuta. Lakini safari hii mtaa ulikuwa na lugha. Maji yalipofika kwenye mkia wa papa, magodoro yalishakuwa kichwani. Yalipofika mkono wa pweza, mama muuza vitumbua alikuwa anamvuta shoga yake kwa ule mkono ambao hawapeani, wanapanda pamoja. Mama yangu alipanda kwa miguu yake mwenyewe, birika mkononi, anawaambia watu waache kusukumana, bado hata changu hajalowa macho. Ukumbini tulijaa sote. Vitu vilipotea, sikatai, na makochi ya watu yalielea. Mtu hakupotea hata mmoja.

Mimi nilisimama kizingitini kwa Mshambaa, kanga kichwani, mvua inanipiga. Nililiona peasi likizama polepole mpaka kikonyo. Nikainua macho nikatazama bondeni. Bahari yangu yote ilikuwa imekuwa bahari, samaki wote wamekwenda zao, na kule mwisho, juu ya maji ya kahawia, kwenye ukuta wa baba, watoto walikuwa wamesimama wima wanatutazama.

Mlango wa ukumbi, hapo jirani, ulifunguka nyuma yangu. Dada alitoa kichwa, kibuyu cha uji mkononi, hawezi kuwaacha watoto.

"Wanangu wamelowa?"

"Viatu tu!" nilimjibu.

Alibaki pale mlangoni, anawatazama wale wa ukutani kule bondeni. Nyuma yake niliwasikia wenyewe wakigombania sukari.